Kuuza Sura

Mtaani tukisema fulani "kaenda kuuza sura", hatuna maana kwamba kuna bei iliyotajwa. Mtu kavaa, kajipulizia marashi, kafika kwenye shughuli ya watu ili aonekane, akala pilau, akarudi nyumbani na sura yake ile ile. Ni utani tu. Ila wapo watu waliouza sura kwelikweli, kwa mkataba na sahihi, na baadhi yao walikuja kuelewa walichouza miaka mingi baada ya hela kuisha.

Nimekuwa nikiwafikiria watu hao kwa sababu ya midoli. Siyo ile ya matambara waliyotushonea bibi zetu. Nazungumzia sanamu ndogo za plastiki za wahusika wa filamu, zile ambazo mtoto anazigombanisha sakafuni na mtu mzima anaziweka kabatini bila kufungua boksi, akiogopa zitashuka thamani. Nyuma ya kila sanamu ya aina hiyo kuna leseni, na nyuma ya leseni mara nyingi kuna ugomvi. Nani aliruhusu? Nani alilipwa? Na swali ambalo wanasheria huliacha mlangoni: hivi sura ya mtu ni mali? Kama ni mali, inauzwa moja kwa moja kama kiwanja, au inapangishwa tu kama chumba? Na mwenyewe akishazikwa, funguo anabaki nazo nani?

Biashara yenyewe ya sanamu hizi, kama tunavyoijua leo, ilishika kasi mwaka 1977. George Lucas alikubali kuongoza Star Wars kwa malipo ambayo kwa Hollywood hayakuwa makubwa, dola 150,000, lakini akang'ang'ania haki ambazo studio haikuzijali sana wakati ule: haki za filamu za mwendelezo na haki za bidhaa. Wakati huo bidhaa za filamu zilionekana kama fulana na mabango, basi. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati ndiyo iliyochukua leseni ya kutengeneza midoli. Filamu ikapasua anga, Krismasi ikafika, na midoli haikuwa tayari. Kenner wakafanya jambo ambalo hadi leo linasimuliwa: wakauza boksi la karatasi lenye cheti ndani yake, ukikituma kwa posta utaletewa sanamu 4 mwakani. Watoto wa Marekani walifungua zawadi ya Krismasi wakakuta ahadi.

Sanamu zenyewe zilikuwa na kimo cha kama sentimita tisa na nusu. Moja ya hizo 4 ilikuwa Princess Leia, yaani Carrie Fisher, binti aliyekuwa na miaka 19 alipokuwa akiigiza. Fisher alikuja kusema hadharani, kwa ule utani wake wa kuchoma, kwamba alikuwa ametia sahihi kutoa haki ya sura yake, na kwamba hata akijitazama kwenye kioo alijiona kama anadaiwa na Lucas. Watu walicheka. Alifanyiwa sanamu, alifanyiwa chupa ya shampuu, alifanyiwa kifaa cha kutolea peremende ambapo unarudisha kichwa nyuma na peremende inatoka shingoni. Ni mzaha kweli. Lakini mzaha mwingine ni namna ya adabu ya kusema jambo linalouma.

Twende nyuma zaidi, kwa mtu ambaye kesi yake naiona kuwa mama wa kesi zote za namna hii: Béla Lugosi.

Lugosi alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, enzi hizo ukiwa Hungaria, leo ni Romania. Aliigiza Dracula jukwaani New York kuanzia 1927, kisha mwezi wa tisa mwaka 1930 akatia sahihi mkataba na Universal kuigiza mhusika huyo huyo kwenye filamu, iliyotoka 1931. Malipo yanayotajwa ni dola 500 kwa wiki, kwa wiki 7. Piga hesabu mwenyewe: dola 3,500. Mkataba uliipa studio haki ya kutumia mapozi na mionekano yake kuhusiana na filamu ile. Neno lenye uzito hapo ni "kuhusiana".

Ukifumba macho sasa hivi ukamfikiria Dracula, wewe uliyesoma kitabu na wewe usiyekisoma, unamuona yeye: nywele zilizolazwa nyuma zikiwa na pembe katikati ya paji la uso, joho jeusi lenye kola iliyosimama, macho yanayokutazama kana kwamba anakumbuka jambo lako la siri. Bram Stoker alichapisha riwaya yake 1897, na mle ndani Count Dracula ni mzee mwenye masharubu. Sura tuliyoirithi ni ya Lugosi. Ilimganda pia. Hakuwahi kutoka kwenye kivuli chake. Kazi zilipungua, pesa zikapungua, na mwaka 1955 alijipeleka hospitalini kutibiwa uraibu wa dawa. Akafariki mwezi wa nane mwaka uliofuata. Familia ilimzika amevaa joho la Dracula.

Miaka ya 1960 ndipo biashara ilipochangamka. Filamu za kale za mazimwi zilikuwa zikioneshwa kwenye televisheni, watoto wakazipenda, na Universal ikaanza kugawa leseni. Orodha ya bidhaa iliyokuja kusomwa mahakamani ni ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: vichongeo vya penseli, sanamu za plastiki za kuunganisha, fulana, karata, sabuni, picha za kupanga vipande, barakoa, tiara, mikanda na vishikizo vyake, hata vijiti vya kukorogea kinywaji. Mjane wa Lugosi na mwanawe wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Universal ilikuwa imewahi kuwatumia waigizaji wengine katika uhusika wa Dracula, Lon Chaney Jr. na John Carradine. Kama ilichokuwa ikiuza ni mhusika tu, mbona sura kwenye bidhaa ilikuwa ya Lugosi?

Sijaona jibu zuri la swali hilo hadi leo. Jaji wa mahakama ya kwanza naye aliliona, akawapa ushindi warithi mwaka 1972. Lakini mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikaupindua uamuzi huo. Ilisema haki ya kunufaika na jina na sura ni ya mtu binafsi, na kama anataka kuitumia aitumie akiwa hai, hairithishwi. Jaji mkuu, Rose Bird, alipinga kwa maandishi marefu. Mambo hayakuishia hapo, kwani mwana wa Lugosi alikuwa mwanasheria, na alishiriki katika kampeni iliyozaa sheria mpya ya California iliyoanza kutumika mwaka 1985. Sheria hiyo iliwapa warithi wa watu maarufu haki ya sura kwa miaka 50 baada ya kifo, baadaye ikaongezwa kuwa 70.

Mpaka hapa ni rahisi kushika upande: studio tajiri, mwigizaji maskini, vijiti vya kukorogea soda. Ni rahisi mno, na mimi huwa nashtuka jambo la maadili likiwa rahisi hivyo. Tuusikilize basi upande wa pili kwa haki.

Hoja ya kwanza ya studio: uso wa kwenye sanamu si uso wa mtu, ni uso wa mhusika. Mtazame Boris Karloff kama lile zimwi la Frankenstein, filamu ya mwaka 1931 pia. Kichwa bapa, vyuma shingoni, kope nzito. Karloff hakuzaliwa hivyo. Saa kadhaa kila asubuhi alikaa kwenye kiti huku Jack Pierce, fundi wa vipodozi wa studio, akimjenga. Basi sanamu ya zimwi lile ni sura ya nani? Ya Karloff aliyetoa mifupa ya uso, ya Pierce aliyetoa mikono, au ya studio iliyolipa umeme? Ukisema ni ya Karloff peke yake, umemdhulumu Pierce, ambaye alikuwa mwajiriwa tu na ambaye studio iliachana naye katika miaka ya 1940.

Suala la mikono lilikuja kupata kesi yake yenyewe, London. Mwaka 1976 fundi mmoja wa Twickenham, Andrew Ainsworth, alitengeneza helmeti nyeupe za askari wa Star Wars kwa plastiki. Hakuanzia hewani: kulikuwa na michoro ya Ralph McQuarrie na mfano wa udongo wa msanii mwingine. Lakini kalibu zilikuwa zake, na baada ya miaka karibu 30 alizitoa stoo akaanza kuuza helmeti na magwanda kwa wapenzi wa filamu. Lucasfilm ikamshtaki Marekani, ikapata hukumu ya dola milioni 20, kisha ikamfuata kwao. Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba helmeti ile si kazi ya uchongaji, ni kifaa cha kufanyia filamu, kwa hiyo hailindwi na hakimiliki kama sanamu inavyolindwa. Kwa kazi yake ya Uingereza, fundi akabaki huru. Kwa mauzo machache aliyofanya Marekani, mahakama ikasema hakimiliki ya kule inaweza kumdai hata akiwa London.

Niliposoma habari ile kwa mara ya kwanza nilimshangilia Ainsworth, kama unavyomshangilia timu ndogo. Baadaye nikajiuliza: kama nasema Lugosi alistahili kwa sababu uso ulikuwa wake, na Ainsworth alistahili kwa sababu mikono ilikuwa yake, je, McQuarrie aliyechora? Je, Lucas aliyeota? Ukimgawia kila mtu kipande chake, sanamu haitatoka kiwandani kamwe. Leseni, kwa ubaya wake wote, ni njia ya kupata mtu mmoja wa kumgongea mlango. Hilo ni jambo la maana.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya uso na helmeti. Helmeti ni kitu alichokifanya mtu. Anaweza kukiuza, akalipwa, akaondoka, na yeye akabaki mzima. Uso hauwezi kuuacha dukani. Ukiuza haki ya sura yako leo, kesho unaamka nayo, unanunua nayo mkate, unazikia nayo wazazi. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na kila mara nikiusikia msemo huo nausoma hivi: uso ndio mahali ambapo mtu anapatikana. Aibu inaonekana hapo, heshima inaonekana hapo. Huwezi kumtukana mtu kupitia kiti alichotengeneza kama unavyoweza kumtukana kupitia uso wake.

Waigizaji wawili wa tamthilia ya televisheni ya Cheers walilijua hilo. Paramount, wenye tamthilia, waliipa kampuni moja leseni ya kufungua baa za Cheers kwenye viwanja vya ndege. Ndani ya baa wakaketishwa roboti wawili kaunta, mmoja mnene, mwingine kavaa sare ya posta, kama wale wateja wa kudumu wa kwenye tamthilia. Wakabadilishwa majina, wakaitwa Bob na Hank, lakini kila msafiri aliwatambua. George Wendt na John Ratzenberger wakashtaki. Studio ikasema hao ni Norm na Cliff, wahusika wetu. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ya shirikisho ikasema hapana, leseni ya mhusika haifuti haki ya mwigizaji juu ya sura yake. Lipelekeni jambo hili mbele ya baraza la wazee. Lilimalizwa kwa makubaliano miaka michache baadaye. Sipendi kuamua mambo kwa hisia, lakini jaribu kuingia baa ukajikuta umeshakaa pale kaunta, wa plastiki, unatikisa kichwa kwa saa 18 kwa siku, na hakuna aliyekuuliza.

"Hakuna aliyekuuliza." Hapa ndipo nadhani uzito wa jambo ulipo, na nililipata kwa mtu wa karibu zaidi kuliko Hollywood.

Katika kazi yangu ya uandishi wa habari niliwahi kumhoji mzee mmoja aliyewika kwenye vichekesho vya televisheni hapa Dar es Salaam. Sura yake unaijua hata kama jina lake hulijui, kwa sababu umeshaituma. Ni stika ya WhatsApp: kakunja mdomo, kainua nyusi moja, kwa ajili ya kumjibu mtu anayekukopa. Nilimuuliza inamkera? Akacheka. "Mwanangu, hizo za kwenye simu mimi zinanifurahisha. Watu wananikumbuka." Kisha akanieleza kuhusu duka moja la simu lililochapisha uso ule ule kwenye bango kubwa la barabarani, na nyingine kwenye vikombe vya kuuza. Alipita chini ya bango lile akiwa kwenye daladala, amesimama. Kondakta akamtazama yeye, akatazama bango, akamwambia, "Mzee, na hela zote zile unapanda daladala?"

Nilitegemea ataniambia anataka fidia. Aliniambia hivi: "Hela kama zipo ningechukua, sikatai. Lakini wangekuja tu. Wangekaa hapo ulipokaa wewe, wakaniambia, mzee tunaomba. Mimi si ningewakaribisha chai?"

Tofauti aliyoiweka kati ya stika na kikombe sijaikuta kwa uwazi ule kwenye maandishi ya kisheria. Stika ni watu wanamtaja, kama unavyomtaja mtu kwenye mazungumzo. Kikombe ni mtu mmoja anamtumia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii na onyesho lake. Uso wenyewe si kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefungua kamlango, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake, lakini mzee wa kwenye daladala anahitaji wakili na nauli kabla hajakifikia hicho kimlango. Ndiyo maana nasema jambo hili tusiliache liwe la sheria peke yake. Kubisha hodi si kifungu cha sheria. Ni malezi.

Wengine watasema nachanganya mambo, kwamba haya ni matatizo ya nchi zenye viwanda vya midoli. Sidhani. Filamu ya The Lion King ilipotoka 1994, Disney waliomba maneno "Hakuna Matata" yasajiliwe Marekani kama alama yao ya biashara kwa ajili ya nguo, wakapewa mwaka 2003. Maneno hayo bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilishayavumisha 1982, na kabla yao yalikuwa midomoni mwa watu kama salamu yoyote. Kelele kubwa zilipigwa mwaka 2018, na watu zaidi ya laki moja walitia sahihi kupinga. Ni kweli alama ya biashara haikukatazi kuyasema, na hakuna polisi atakayekukamata Lamu. Lakini kosa ni lile lile la bango: mtu kachukua kitu chenye wenyewe, kakipeleka ofisini, kakirudisha na muhuri, na hakubisha hodi kwa yeyote.

Filamu hiyo hiyo ina mfano wa upande wa pili, wa wenye haki waliofika mlangoni kwa nguvu. Wimbo wa simba aliyelala unatokana na "Mbube", aliourekodi Solomon Linda Johannesburg mwaka 1939. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Mwaka 2004 mabinti zake walimshtaki mkubwa yule wa midoli huko Afrika Kusini, na wakili wao akapata amri ya mahakama ya kuzishikilia alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo, akina Mickey Mouse wakiwemo, ili mahakama iwe na kitu cha kushika. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2006. Nakiri kuna raha kidogo ukimfikiria Mickey amewekwa chini ya ulinzi Pretoria. Lakini zaidi ya raha, kuna somo: heshima iliyokataliwa kwa hodi ililipwa kwa amri.

Sasa niseme ninavyoamini, ili msomaji anipinge vizuri.

Naamini sura ya mtu inapangishwa, haiuzwi. Mkataba unaosema "milele, kwa bidhaa yoyote, mahali popote" ni mkataba wa kumiliki mtu kwa kipande, hata kama ameutia sahihi huku akitabasamu. Utaniambia: mtu mzima ana uhuru, na kijana mwenye njaa anaihitaji hiyo hela leo, wewe ni nani umzuie? Simzuii. Mpangaji na mwenye nyumba nao wana uhuru, lakini kodi ina muda, na mwenye nyumba anaweza kuja kuangalia kama ukuta umebomolewa. Uhuru wa kuingia mkataba haujawahi kumaanisha uhuru wa kujiuza mwenyewe. Hilo sisi wa pwani hii, wenye masoko ya watumwa kwenye ramani zetu, hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Naamini vilevile kwamba wafu wana haki ndogo kuliko wanavyodai warithi wao, na kubwa kuliko studio zinavyokubali. Mwaka 1979 mahakama ilikosea kusema sura inakufa na mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa sababu matokeo yake ni kwamba studio ilikuwa na subira tu ya kungoja mazishi. Lakini miaka 70 nayo naiona mingi. Wajukuu hawakuuvaa uso ule. Peter Cushing alifariki 1994, na mwaka 2016 akaonekana tena kwenye filamu ya Rogue One, akitembea na kuzungumza, kwa ruhusa ya wasimamizi wa mirathi yake na kwa kazi ya kompyuta. Ruhusa iliombwa, sawa, na ni afadhali. Lakini mwigizaji ni mtu anayechagua: hii nitacheza, ile sitacheza. Ruhusa ya ndugu inaweza kutoa sura yake. Haiwezi kutoa uchaguzi wake. Ningependa haki ya warithi iwe zaidi ya kukataa kuliko ya kuuza, idumu kwa muda ambao bado wapo watu waliomjua marehemu kwa macho, kisha sura iachwe iwe ya wote, kama Dracula mwenyewe alivyo wa wote.

Na mkusanyaji wa sanamu? Simlaumu. Mtu anayeweka kabatini sanamu ya Leia kwa miaka 40 anampenda mtu fulani kwa njia anayoimudu. Lakini soko la ukusanyaji limetufundisha kutazama boksi kuliko uso. Moja ya sanamu ghali kuliko zote za Star Wars ni Boba Fett mwenye roketi inayofyatuka, mfano wa majaribio ambao haukuwahi kuuzwa madukani kwa sababu ungeweza kumkaba mtoto. Mwaka 2024 mmoja uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola laki tano. Linganisha na zile 3,500 za Lugosi. Najua miaka ni tofauti na dola si zile. Bado inanichoma kwamba tunajua kuthamini plastiki adimu kuliko sura ambayo, kwa maana halisi ya neno, ilikuwa moja tu duniani.

Jambo hili linatukaribia haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya hoja zao ilikuwa nakala za kompyuta: kwamba mtu apigwe picha siku moja, alipwe siku moja, kisha atumike daima. Lugosi, ambaye alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo wa chama chao miaka ya 1930, angelielewa dai hilo bila tafsiri. Huku kwetu simu ya kawaida sasa inaweza kumfanya yule mzee wa stika atangaze mkopo asioujua kwa sauti yake mwenyewe.

Kwa hiyo dada yangu unayeanza kuigiza, na mdogo wangu unayechekesha TikTok, ukiletewa karatasi, usianzie kwenye kiasi. Tafuta kwanza maneno matatu: kwa muda gani, kwenye bidhaa gani, na nani atakuuliza siku wakitaka kuongeza ya nne. Kama hakuna jibu la swali la tatu, hicho si kibali wanachokuomba. Wanakuomba uhame kwenye uso wako, wakuachie ukae humo kwa hisani yao.